Picha ya Butoyi Iliyotoka Nusu

Ukinisikiliza hadi mwisho utaniambia nilikuwa nimechoka, au nilikuwa na homa. Wengi wamekwisha kuniambia hivyo. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekula na usiku wake nimelala vizuri. Halafu ilikuwa mchana, saa tisa hivi, si usiku wa manane kama watu wanavyopenda kusimulia. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, Ngara mjini, ndani ya ofisi yenye madirisha ya vioo. Wallahi, ningekuwa nimelisikia kwa mtu, nami nisingeliamini.

Mimi ni mtoto wa Biharamulo. Babu alitoka pwani akafungua duka la nguo pale, baba akalirithi, mimi nikalikimbia nikaenda kusomea kompyuta. Niliporudi huku, Wanyarwanda walikuwa wameondoka zamani. Pale Benaco ilipokuwa kambi yao palibaki soko la njia panda na malori yanayokwenda mpakani. Lakini Warundi walikuwa bado kambini, na ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kurudishwa kwao. Nikapata kazi kwenye shirika moja lililokuwa likiwatafutia ndugu watoto waliopotezana na wazazi. Kazi yangu mimi ilikuwa dishi la setilaiti lililokuwa juu ya paa, pamoja na waya na kompyuta. Walinizoea kwa jina la Fundi.

Aliyeshughulika na watoto alikuwa Dada Imelda. Huyu alikuwa mama mtu mzima, Mhangaza wa Bugarama, mwenye sauti kubwa na moyo laini. Yeye ndiye aliyekwenda kambini na kamera, akawasimamisha watoto mmoja mmoja mbele ya turubai la bluu, akawapiga picha. Jioni picha zinatumwa kwa mtandao kwenda makao makuu, kutoka huko zinachapishwa na kubandikwa kwenye vijiji vya ng'ambo ya mpaka. Shangazi au babu anapita, anaona uso, anapiga kelele: "Huyu wa kwetu!" Basi mtoto amepata kwao.

Sasa ikatokea picha zikawa hazifiki. Sisi tunatuma, wao wanasema hawajaona kitu. Nikaambiwa nitafute zinapotelea wapi. Nikachukua laptopu kuukuu, nikaichomeka kwenye kile kisanduku cha kugawia mtandao, nikawasha programu ya kunasa kila kinachopita kwenye waya. Nikaiacha inase siku kadhaa.

Niruhusu nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichonitisha. Faili likitumwa kwenye mtandao haliendi zima. Linakatwa vipande vidogo vidogo, tunaviita pakiti, na kila kipande kina namba yake. Upande wa pili vinapangwa tena kwa namba, faili linakuwa zima. Ukiwa umevinasa vipande vyote njiani, unaweza kuvipanga wewe mwenyewe ukalipata lile faili, hata kama aliyelituma amelipoteza na aliyetumiwa hakulipokea. Lakini kipande usichokinasa huna. Hakuna dua wala ujanja. Kisichonaswa hakipo.

Niligundua tatizo: kompyuta ya kule makao makuu ilikuwa imejaa, inapokea na kutupa. Nikawapigia simu wakairekebisha. Ningeishia hapo, kama si radi.

Radi za Ngara unazijua? Jioni moja, kabla hatujazituma upya picha, ilipiga ofisini, ikachoma seva yetu, ile kompyuta kuu iliyokuwa na picha. Kwenye kamera hazikuwepo, kwa kuwa ilikuwa moja na Dada Imelda aliifuta kila siku apate nafasi ya wengine. Na wale watoto wenyewe walikuwa wamekwisha kupandishwa malori na kuvushwa mpaka, wako kwenye kituo cha kupokelea watoto huko Burundi, bila picha, wakisubiri watu wasiojua kama wapo.

Dada Imelda alikuja kukaa mezani kwangu, hakupaza sauti kama kawaida yake.

"Mdogo wangu, kweli hakuna kilichobaki?"

Nikamwambia ipo ile laptopu kuukuu. Jioni ya radi nilikuwa nimeipeleka nyumbani.

"Basi watoe," alisema. "Hao ni watoto, watoe humo."

Siku ya pili yake ofisi nzima ilikwenda kwenye msiba wa dereva wetu mmoja. Mimi nikabaki na kazi. Mvua ilikuwa inanyesha, ukungu umeshuka mpaka barabarani, unajua Ngara ilivyo. Nikafungua ule mnaso, yaani vyote vilivyonaswa kwenye waya. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: barua za wakubwa, habari za mpira, salamu za watu na wake zao. Nikachuja mpaka yakabaki yale ya kutuma picha tu. Nikachagua mtiririko mmoja, yaani vipande vya picha moja, nikavipanga, nikatafuta alama inayofungua picha na alama inayoifunga, nikakata hapo na hapo, nikahifadhi. Nikafungua. Mvulana mwenye masikio makubwa alikuwa ananitazama.

Nilicheka peke yangu, niamini. Nilijisikia kama nimemvuta mtu kutoka kisimani. Nikamtoa wa pili, na wa tatu. Kila mmoja alitoka na lile turubai la bluu nyuma yake.

Ndipo nikasikia: "Mwiriwe."

Ni salamu ya alasiri kwa Kirundi. Niligeuka. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni kando ya meza yangu. Sikusikia mlango, ila nilidhani ni kelele za mvua juu ya bati. Alikuwa mwembamba, amevaa kitenge cha kijani kilichopauka, kichwani kitambaa cheupe. Mkononi alikuwa na uzi mweusi umefungwa kama bangili.

"Karibu mama," nilisema. "Ofisi imefungwa leo, wenzangu wako msibani."

"Natafuta Butoyi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, l zote zinageuka r. "Arikuja kupigwa picha. Mimi nataka kumuona tu, harafu niende."

Butoyi ndilo jina wanalompa pacha wa pili. Nikamuuliza wa kwanza yuko wapi. Akasema Bukuru alikufa njiani walipokuwa wanakimbia, akabaki huyu mmoja. Alisema hivyo kama mtu anayekwambia bei ya muhogo.

Ningemwambia arudi kesho. Lakini wewe ungeweza? Mama amekuja kwenye mvua ile kuona uso wa mwanawe. Nikatafuta jina Butoyi kwenye mnaso, nikalipata. Nikavipanga vipande vyake, nikakata, nikafungua.

Ilitoka nusu. Nywele fupi, paji la uso, macho mawili makubwa. Chini ya macho, kijivu kitupu.

"Kwa nini hana mdomo?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba laptopu ilizidiwa, kuna vipande ilishindwa kuvinasa. "Samahani mama. Hii ndiyo iliyopo."

"Jaribu tena."

Nikajaribu tena, kumridhisha tu. Ikatoka vilevile.

"Ana kovu hapa," alisema, akagusa juu ya mdomo wake mwenyewe. "Ariangukia figa arivyokuwa anaanza kutembea. Bira kovu, dada yangu hatamjua. Dada yangu arimuona akiwa mtoto wa mgongoni. Atamjua kwa kovu."

"Mama, hakuna la kufanya. Vipande havipo."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa "hakuna" kwenye milango yote. Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo cha laptopu, pale kijivu kilipoanzia, akakishusha taratibu, kama mama anavyomfuta mtoto uji mdomoni.

Na picha ikamfuata.

Nimeona kwa macho yangu haya. Mstari kwa mstari, kama picha inavyofunguka kwenye mtandao mzito. Pua ikaja. Ukaja mdomo, na juu yake kovu dogo jeupe. Kikaja kidevu, halafu shingo nyembamba na mabega. Na kwenye bega la kushoto la yule mtoto, mkono wa mtu mzima, umefungwa uzi mweusi.

"Urakoze," nilisikia, yaani asante.

Niligeuka na kiti kilikuwa kitupu. Niliporudisha macho kwenye kioo, nyuma ya mtoto, pale ambapo punde tu palikuwa na turubai peke yake, alikuwa amesimama yeye. Kitenge kilekile, na kitambaa cheupe kichwani. Ananitazama.

Sikukimbia. Watu huniuliza kwa nini. Nilikaa pale nikisoma ninachokijua katika Kurani mpaka wenzangu waliporudi msibani. Waliingia na udongo mwekundu mpaka magotini, sakafu yote ikawa nyekundu. Chini ya kile kiti cha wageni palikuwa pakavu, pasafi, kama palivyofagiliwa asubuhi.

Dada Imelda aliitazama picha. "Huyu mwanamke simjui," alisema. "Nilimpiga mtoto peke yake. Wote nawapiga peke yao, wewe unajua."

Nikamweleza. Hakunicheka. Kesho yake alikwenda kambini na picha, akawaonyesha majirani wa mtoto bila kuwaambia kitu. Alirudi jioni.

"Ni mama yake," aliniambia. "Alikufa kwa homa mvua zilizopita. Wamenionyesha kaburi."

Tulifanya nini? Tulikaa ndani, mlango umefungwa, tukashauriana kama wezi. Nilifungua tena ule mnaso. Programu ilikuwa bado inaniandikia kwamba vipande havipo. Faili zima, vipande havipo. Nimesomea kazi hii, na mpaka leo sina neno la kuliita jambo lile.

Dada Imelda akasema mtoto asiadhibiwe kwa mambo ya wafu. Kovu lilikuwa limeonekana, hilo ndilo muhimu. "Kata uso peke yake. Mabega usiyaweke. Tuma."

Nikakata. Kichwa na kidevu, kama picha ya pasipoti. Nikatuma pamoja na picha za wale wengine. Na kwa kuwa nilikuwa na hofu, wakati natuma niliiwasha tena ile programu ya kunasa, halafu nikaitoa picha ya Butoyi kutoka kwenye waya, nione kilichopita. Kilichopita kilikuwa uso wa mtoto tu. Naapa. Hapakuwa na mkono wala kitenge. Nikashusha pumzi, nikajiambia yamekwisha.

Majuma yalipita. Habari njema zikaanza kuja: yule mwenye masikio makubwa amechukuliwa na babu yake, fulani amechukuliwa na mjomba. Dada Imelda alirudiwa na sauti yake kubwa.

Halafu asubuhi moja akaingia ofisini mama mmoja, mtu wa makamo, amebeba furushi kichwani, vumbi la safari limemjaa. Alikuwa anacheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba aliingia anacheka.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wako wapi?"

"Nani, mama?"

"Mdogo wangu na mtoto wake! Nimewaletea nguo wote wawili humu." Akapigapiga furushi. "Waliniambia alikufa walipokuwa wanakimbia, miaka nimemlilia. Kumbe mzima!"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa picha iliyochapishwa, imekunjwa mara nne. Akaikunjua mbele yangu kwa uangalifu, kama mtu anayefungua sanduku la dhahabu. Butoyi amesimama mbele ya turubai la bluu. Nyuma yake mama yake, mkono begani.

Dada Imelda alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Kilimponyoka.

Aliyemwambia kwamba mdogo wake amekufa kweli ni yeye. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwa lugha yao, Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Sikuelewa maneno yote, lakini niliuona ule uso ukizimika. Yule mama alikuwa anaonyesha ile picha, anaonyesha, anaonyesha. Sasa huyu ni nani? Huyu ni nani?

"Lakini mtoto yupo," Dada Imelda alisema mwishoni, kwa Kiswahili, akinigeukia mimi. "Mtoto mzima, yuko kituoni. Fundi, waite kwenye redio!"

Nikawaita. Mlezi wa kule akapokea, sauti inakatikakatika.

"Butoyi? Butoyi hayupo hapa, ofisi. Aliondoka."

"Aliondoka na nani?"

"Peke yake. Siku tuliyobandika picha ubaoni. Alijiona yuko na mama yake. Akatuambia mlimdanganya kwamba mama amekufa, kumbe mmemwacha kambini peke yake. Tukambembeleza. Alfajiri hatukumkuta kitandani. Tumetafuta sana."

Mama mkubwa wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote.

Tulitafuta. Tulikwenda mpakani, tukauliza askari na wabeba mizigo. Tulisimamisha malori. Kambini tuliuliza kila mtaa, hakufika. Pale Benaco tulimpata mama mmoja anayeuza chai na maandazi kando ya barabara. Dada Imelda alimwonyesha picha, akiwa amefunika upande wa nyuma kwa kiganja, uso wa mtoto tu ndio unaonekana.

"Nilimwona," yule mama alisema papo hapo. "Kovu hilo nalikumbuka. Alipita hapa asubuhi ya ukungu mzito."

"Mtoto mdogo vile, peke yake, hukumsimamisha?" Dada Imelda alimfokea.

Yule mama akashangaa. "Nimsimamishe kwa nini, dada? Hakuwa peke yake. Alikuwa ameshikwa mkono na mama yake."

Tukamwuliza walielekea wapi. Akanyoosha kidole, si barabarani. Kule kwenye vilima, ambako hakuna nyumba. Tulikwenda na watu, siku nyingi tulikwenda. Hatukukuta kandambili, wala nguo, wala alama yoyote ya mtoto. Mpaka leo.

Sasa wewe niambie: yule mwanamke alikuja kumwokoa mtoto wake, au alikuja kumchukua? Nimelifikiria swali hili miaka yote. Dada Imelda alisema mama hawezi kumdhuru mwanawe. Mimi nadhani hakutaka kumdhuru. Alitaka tu kusimama naye. Hiyo ndiyo inayoniua: kwamba labda hakukuwa na ubaya wowote, na mtoto amepotea vilevile.

Niliacha kazi kabla kambi haijafungwa. Ile laptopu niliizika, usinicheke, kama mtu anavyozikwa, na mama yangu akanisomea dua. Sasa nalima mahindi Nyamahanga, na simu yangu ni ile ya kupiga na kupokea tu. Kompyuta siigusi. Dada Imelda naye alistaafu. Tukionana sokoni tunaulizana habari za mvua na za watoto wetu, hatuendi zaidi ya hapo. Kuna asubuhi ukungu ukishuka natoka nje nasimama mlangoni, na mke wangu ananiuliza natafuta nini.

Mama mkubwa wa Butoyi hakurudi kwao. Alipangisha chumba Bugarama, analima vibarua, siku za mnada anazunguka na ile picha akiuliza. Nilikwenda kumwona mara moja. Alinipokea vizuri, akanipa ndizi na maharage. Nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono.

"Mwanangu," alisema, "hiyo mashine yako iliyomtoa mdogo wangu kwa wafu, haiwezi kumtoa na mtoto?"

Nilimwambia haiwezi. Sijarudi tena.

Basi kama na wewe utafanya kazi hizi za kufufua vilivyopotea, nisikilize mimi niliyekutangulia. Ukinasa vipande, ukavipanga, kitu kikatoka nusu, mpe mwenyewe hiyo nusu, mwambie ukweli, alie. Na ukiona kimejikamilisha mbele ya macho yako, usimshukuru Mungu haraka. Uliza kwanza nani amekikamilisha, na anakuja kuchukua nini.